Dude la Bei Chee Linataka Giza Safi

Diski yenye kava la "Muvi 10 kwa 1" ina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayoua madude, yale mazimwi ya kwenye filamu. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Ukiweka humo filamu moja ya dakika 90, kila sekunde inapata karibu megabiti 7, na picha inapumua. Zipange filamu kumi kwenye diski hiyohiyo, kila sekunde inabaki na megabiti 0.7, picha na sauti vikigawana hapohapo. VCD, kitu cha mwaka 1993 ambacho leo tunakiona cha kizamani, ilitenga megabiti 1.15 kwa picha peke yake. Kwa hiyo anayechukua kumi kwa moja pale mezani anabeba picha iliyo chini ya VCD, ndani ya kava lenye rangi kali kuliko filamu yenyewe.

Kwa muvi ya ngumi hasara hiyo inavumilika. Ni mchana kweupe, teke linajulikana ni teke hata likiwa na ukungu. Filamu ya dude iliyotengenezwa kwa hela ya kuungaunga haina kinga hiyo, na hapa ndipo tunapoachana na wale wanaosema, "Muvi yenyewe ya bei chee, itazame tu popote." Ni kinyume chake. Filamu ya mamia ya mamilioni ya dola unaweza kuitesa kwa diski mbovu, TV mbovu na mwanga wa dirishani, bado ikabaki na kitu, kwa sababu dude lake limechorwa na kompyuta kuanzia pembe hadi mkia na linasimama katikati ya skrini likiwa limemulikwa pande zote. Dude la bei chee limejengwa nusu. Nusu nyingine ni giza. Ukilipoteza lile giza, umebaki na mtu aliyevaa vazi la mpira.

Wasukuma walikuwa na hesabu hii kabla ya kamera. Katika hadithi ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we amemeza watu na mifugo, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto, ndiye Masala Kulangwa, anazaliwa, anakua, anataka kumjua aliyemmeza baba yake. Anakwenda porini, anarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we. Mama anamwambia huyo ni panzi tu mwanangu, tumchome tumle. Anarudi na ndege. Anarudi na swala. Jibu ni lilelile. Msikilizaji hajaonyeshwa hata ukucha wa zimwi, ila kila mnyama anayeletwa anampimia ukubwa wa yule ambaye hajaletwa. Mtengenezaji wa filamu wa Marekani wa miaka ya 1950, mwenye vazi moja la mpira na siku chache za kupiga picha, angeielewa hadithi hii bila mkalimani. Onyesha nyayo, halafu ng'ombe aliyechanika, halafu mlango uliong'olewa. Dude lenyewe liweke akiba hadi dakika ya sitini, na hata hapo libaki upande wa kivuli.

Chukua mfano ambao kila mtu anaweza kuupata kihalali. Night of the Living Dead ya George Romero, filamu ya wafu wanaotembea ya 1968, iligharimu kama dola 114,000. Ilipigwa kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na damu yake ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa mbele ya filamu ya aina hiyo chokoleti ni damu kuliko damu. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu alisahau kuweka alama ya hakimiliki, na sheria ya Marekani ya wakati huo ikaifanya kuwa mali ya umma palepale. Ndiyo maana unaweza kuipakua bure intaneti bila kumwibia mtu. Ndiyo maana pia ina kopi mbovu nyingi kupindukia: aliyekuwa na mkanda uliochakaa aliruhusiwa kuuza, na wengi waliuza. Miaka mingi watu waliijua kama filamu ya kijivu yenye mikwaruzo ambamo usiku hauonekani kama usiku. Mwaka 2016 ikakarabatiwa kutoka kwenye filamu ya awali, na ghafla shamba la Pennsylvania likawa na usiku wa kweli: majani mbele, weupe wa shati katikati, na nyuma kabisa watu wanaotembea vibaya. Hakuna kilichoongezwa. Lilirudishwa giza tu.

(Kwa wale waliolelewa na kanuni ya "steringi hafi", filamu hii ina somo lake mwishoni. Hatutalisema, ila kaa mpaka picha ya mwisho kabisa.)

Ni vizuri kujua kinachotokea diski inapobanwa, maana ukishakijua utakitambua sekunde ya kwanza. Programu ya kubana inaigawa picha katika miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, kisha inaamua kila mraba upewe biti ngapi. Biti zikiwa haba, inanyang'anya kwanza pale inapodhani jicho halitagundua, na pale ni kwenye weusi. Daraja kumi za giza zinageuzwa kuwa mbili au tatu. Ukuta wa usiku unakuwa na ngazi, kama ramani ya vilima. Kitu kinachosogea taratibu nyuma ya mti, ambacho ndicho filamu nzima ilikuwa inakiandaa, kinaganda kwa nusu sekunde kisha kinaruka, maana programu iliona mabadiliko ni madogo mno kuyagharamia. Mtazamaji anacheka, anasema muvi ya kitoto. Hajaiona bado.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiweke kwenye deki yake na uruke moja kwa moja hadi tukio la usiku. Usitazame uso wa mtu. Uso uliomulikwa huficha ubovu kuliko giza. Tazama anga juu ya paa, au kona ya chumba. Ikiwa anga linachemka kwa miraba, rudisha. Kwa wanaowekewa muvi kwenye flashi, uliza ukubwa wa faili. Faili la megabaiti 700 kwa dakika 96 ni karibu megabiti 1 kwa sekunde. Ubanaji wa kisasa wa H.264 unafanya kazi kama mara mbili ya ule wa DVD, kwa hiyo linatazamika, ila kwa filamu yenye chembechembe nyingi na usiku mwingi afadhali gigabaiti 2 hadi 4. Ukizidi 4 utakutana na tatizo jingine: flashi iliyoformatiwa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya gigabaiti 4, itakataa kunakili hata kama ina nafasi tele. Ukiiformati exFAT itapokea, lakini baadhi ya TV za zamani haziisomi exFAT. Jaribu na faili dogo kwanza, usije ukagundua wageni wakiwa wameshakaa.

Wanaoagiza diski halisi kutoka nje wana mtego wao: diski hufungiwa kanda fulani ya dunia, na deki ya kanda nyingine inaweza kuikataa. Tanzania iko kanda ya 5 kwa DVD, pamoja na India na Urusi. Marekani ni kanda ya 1. Kwa Blu-ray sisi ni B, Wamarekani ni A. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma DVD za kanda zote bila kusema. Za Blu-ray ni wachoyo zaidi, na diski ya A ikiingia kwenye mashine ya B unapata maandishi ya kukataliwa basi. Pia usishtuke DVD ya Ulaya ikiisha mapema. Filamu inapigwa picha 24 kwa sekunde, mfumo wa TV wa Ulaya, PAL, unaendesha 25, kwa hiyo dakika 96 zinakuwa 92. Hakuna kilichokatwa. Kilichopotea ni uzito wa sauti: isiporekebishwa, inapanda juu kidogo, na mngurumo wa dude unakuwa mwembamba kama wa mtu mwenye mafua.

Sasa TV yenyewe. Flati inatoka kiwandani imepangwa kwa ajili ya kushindana na wenzake dukani, si kwa ajili ya sebule: mwanga juu, rangi kali, kingo zimenolewa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua Movie au Cinema, kisha ushughulikie vitu vinne kwa mkono.

Cha kwanza ni weusi. Simamisha filamu kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Shusha Brightness mpaka koti liwe doa moja lisilo na mikunjo, halafu panda hatua moja moja mpaka mikunjo ianze kurudi. Achia hapo. Ukipanda zaidi, weusi unakuwa majivu, na dude linaonekana kabla mwongozaji hajataka. Cha pili ni ule ukali wa kingo, Sharpness. Shusha karibu na sifuri; ukiona uzi mweupe umezunguka vichwa vya watu, bado uko juu. Cha tatu ni kile kinachoitwa kupunguza "noise". Kizime. Chembechembe zinazocheza kwenye filamu ya zamani si uchafu, ndiyo picha yenyewe, na TV ikizifuta inafuta pia magamba, manyoya na vinyweleo. Dude linabaki kama sabuni iliyolowa.

Cha nne ndicho kibaya kuliko vyote, na kila kampuni inakipa jina lake, ila mara nyingi lina neno Motion ndani. Kazi yake ni kubuni picha za katikati ili mchezo wa mpira uteleze vizuri. Kwenye mpira, sawa. Lakini kuna madude yaliyotengenezwa kwa kumsogeza mwanasesere milimita chache, kupiga picha moja, kumsogeza tena, picha nyingine, mpaka zifike 24 za sekunde moja. Mkatikokatiko ule ni hatua zake. TV ikijaza nafasi kwa kubahatisha, mguu hauukanyagi tena mchanga, unaelea, na kazi ya siku nzima ya mtu aliyeinama juu ya meza inageuka utelezi.

Umbo la picha nalo lina mkosi wake. Filamu nyingi za madude za kabla ya katikati ya miaka ya 1950, na nyingine kadhaa za baadaye, ikiwemo hiyo ya Romero, ni karibu 4 kwa 3. Ukiivuta ijaze flati ya 16 kwa 9 unamnenepesha kila mtu kwa theluthi moja. Weka deki kwenye 16:9, kisha rimoti ya TV uiambie 4:3, uvumilie weusi wa pembeni. Na kama filamu ni nyeusi na nyeupe na unatumia ule waya wa njano, utaona vijirangi vya upinde wa mvua kwenye mashati ya mistari na mabati. Shusha Color hadi sifuri, vinakufa vyote. Ni sekunde tano za kazi, na ni ajabu wachache wanaoifanya.

Kuhusu umbali: skrini ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40. Kwa DVD nzuri kaa mara nne au tano ya kimo hicho, yaani mita 1.6 hadi 2. Kwa VCD, yenye mistari 288 tu, rudi nyuma hadi mita 3, jicho lifanye ukarabati wenyewe. Kaa mbele, si ubavuni, maana flati za bei ya chini zinageuza weusi kuwa kijivu ukizitazama kwa pembeni. Anza saa 2 usiku, si alasiri. Na kwa wanaokaa kando ya Ziwa Victoria, Kirumba, Igombe, Nansio, kuna adui wa msimu: wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Chumba cheusi chenye skrini moja inayowaka ni mwaliko kwao. Wavu wa dirisha ufungwe kabla ya kuwasha TV, si baada, na kama unataka taa ndogo nyuma ya TV ili macho yasichoke, iwe balbu ya njano hafifu. Nyeupe ya bluu inawaita.

Baada ya yote hayo, kuna jambo ambalo mtu wa Mwanza analiona na mtu wa Dodoma linaweza kumpita: maji. Filamu za madude zinapenda maji kwa kuwa maji yanaficha nusu ya chini ya vazi. Ila maji hayakubali kudanganya. Godzilla, dude la filamu ya Kijapani ya 1954, aliandikiwa kimo cha mita 50, na majengo aliyoyabomoa yalijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Ili kitu kidogo kionekane kikubwa, kamera lazima ipige picha nyingi zaidi kwa sekunde, ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida kila kitu kiwe kizito na kivivu. Kanuni ni kipeuo cha pili: kwa kipimo cha 1 kwa 25, zidisha kasi mara 5, yaani picha 120 kwa sekunde badala ya 24. Hapo ukuta unaanguka kama ukuta. Mawimbi pia yanapata uzito. Tone la maji peke yake halitii, maana ukubwa wake unaamuliwa na mkazo wa uso wa maji, na mkazo huo haujui kama boti ni la mita 25 au la mita 1. Kwa hiyo meli ya vita inapigwa na matone makubwa kama matikiti.

Unaweza kulipima nyumbani kwa beseni na simu yenye mwendo wa polepole wa picha 120. Weka boti la plastiki la urefu wa mkono, lirushie kikombe cha maji, piga mara mbili: kwa kasi ya kawaida, kisha kwa 120. Ya kwanza ni mchezo wa mtoto. Ya pili ina wimbi linalokaribia kuwa wimbi, isipokuwa matone. Sasa tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga taratibu usilete povu, urudie. Sabuni inalegeza ule mkazo, matone yanavunjika madogo zaidi. Mafundi wa madude wameutumia ujanja wa namna hii kwa miaka mingi, na ukishaujaribu hutaitazama tena filamu ya meli inayozama kwa macho yaleyale. Utakuwa unatafuta sabuni.

Filamu nyingine ikapita njia ya mkato: ikaingia majini kweli. Creature from the Black Lagoon, pia ya 1954, haikuwa na mwanasesere kwenye beseni. Ilikuwa na muogeleaji, Ricou Browning, ndani ya vazi lisilo na nafasi ya mtungi wa hewa. Alivuta pumzi kwenye bomba nje ya picha, akaliachia, akaogelea akiwa amezuia pumzi, wakati mwingine kwa dakika kadhaa, kisha akalifuata tena bomba. Nchi kavu vazi lilikuwa la mtu mwingine, Ben Chapman. Ukiwa na rimoti mkononi tafuta tofauti: yule wa majini ana miguu inayojua kazi, yule wa nchi kavu anatembea kama mtu aliyevaa buti za kuazima. Sehemu za majini zilipigwa Wakulla Springs, Florida, ambako maji ni safi kama kioo. Kwetu haiwezekani, kwenye maji ya kijani ya ghuba ya Mwanza unanyoosha mkono na vidole vinaondoka. Hilo ni hasara kwa mpiga picha na faida tupu kwa zimwi.

Na mtu aliyeona sangara wa zaidi ya kilo 80 akivutwa ufukweni hatishwi na ukubwa peke yake. Anajua kitu kizito kinavyojigeuza: kichwa kwanza, kisha kiwiliwili kinafuata kwa kuchelewa, kisha mkia unapiga mwishowe. Ukimpa dude ambalo mwili mzima unageuka kwa mpigo mmoja, anajua ni jepesi. Kipimo hicho ni kizuri kuliko nyota za wahakiki.

Kuna vicheko vinavyostahili na visivyostahili. Kisichostahili ni kile cha kipaza sauti kinachoning'inia juu ya picha. Mara nyingi fundi hakukosea. Filamu ilipigwa ikijulikana kwamba sehemu ya juu na ya chini zitafunikwa ukumbini. Aliyeihamishia kwenye kanda ya video ya 4:3 akafunua kilichopaswa kufunikwa. Unamcheka mpiga picha kwa kosa la mtu wa studio ya kanda miaka thelathini baadaye. Nyaya pia: filamu za zamani zilipangiwa nakala ya ukumbini, iliyo laini kidogo, na Blu-ray ya leo inatoa mpaka uzi. Mvuvi yeyote atautambua, ni mshipi wa nailoni.

Kinachostahili kicheko, na heshima ndani yake, ni The Giant Claw ya 1957, yenye ndege mkubwa anayedhaniwa ametoka nje ya dunia na ambaye anafanana na bata mzinga aliyenyimwa usingizi. Waigizaji walicheza bila kumwona. Mwanasesere alikuja kuongezwa baadaye. Jeff Morrow, steringi wake, alikuja kusimulia kwamba alimwona kwa mara ya kwanza ukumbini pamoja na watu wa mji wake, ukumbi ukacheka, naye akaondoka kabla haijaisha. Itazame sasa ukiwa unalijua hilo. Uso wa Morrow umejaa hofu ya kweli ya kitu ambacho hakikuwa pale. Filamu za leo zinazojifanya mbovu kwa makusudi, zenye papa wa kompyuta na waigizaji wanaokonyeza jicho, hazina hata dakika moja kama ile. Kwa maoni yetu zinaweza kuachwa kwenye meza ya muuzaji.

Hapo linakuja suala la mtafsiri. Banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, lilitufundisha kutazama muvi na sauti ya mtu juu yake, tangu enzi za Lufufu mpaka ma-DJ wa sasa. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, filamu ya Nabwana wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex?, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie humohumo, na bila yeye ingekuwa nusu. Kwa muvi ya ngumi DJ anaongeza. Kwa filamu ya dude anapora, kwa sababu ukimya ni sehemu ya vazi kama giza lilivyo. Mngurumo wa Godzilla ulipatikana kwa kuburuta glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari kwenye nyuzi zilizolegezwa za zeze kubwa la besi, kisha kupunguza kasi, ukiwekewa "oyaaa, limekuja lenyewe!" juu yake, kazi imekwenda na maji. Pendekezo letu si kumfukuza DJ. Mara ya kwanza tazama bila yeye, bila kusimamisha, taa zikiwa zimezimwa. Mara ya pili mlete, na rimoti, na karanga. Bonyeza Audio kwanza uone kama diski ina njia mbili za sauti. Kwenye VCD jaribu kitufe cha L/R: nyingi za Hong Kong ziliweka lugha moja spika ya kushoto na nyingine kulia.

Utunzaji ni mfupi. Futa diski kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Data imelala kwa mzunguko, na mkwaruzo unaoufuata mzunguko unafuta kipande kirefu ambacho deki haiwezi kukikisia. VCD ina data chini tu ya rangi ya upande wa jina, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unaiua kuliko wa chini. DVD imeificha katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Dawa ya meno nyeupe, si ya jeli, inang'arisha mikwaruzo midogo; mikubwa, sahau. Iliyochomwa kwenye kompyuta, yenye rangi ya zambarau mgongoni, usiianike juani, na usiibandike stika, itayumba.

Baada ya miaka ya kutazama madude ya wenzetu, swali linabaki kwa nini Shing'weng'we hajapigwa picha akatoka kama anavyostahili. Mwongozaji Mussa Banzi alishaonyesha mapema miaka ya 2000, kwa filamu zake Nsyuka na Shumileta, kwamba Bongo inaweza kuuza kutisha kwa kanda. Kamera za video za wakati ule zilitaka taa nyingi, na zimwi likawa halina pa kujificha. Simu ya leo inaona gizani vizuri kuliko zile. Usiku wa dagaa ziwani una karabai na taa za sola mia moja kwenye upeo wa macho. Zima moja, halafu nyingine, halafu ya tatu iliyo karibu zaidi, na hujatumia senti kwa zimwi. Mgongo wake uwe turubai lililolowa, lionekane mara mbili, sekunde mbili kila mara, likipigwa kwa mwendo wa polepole.

Ila kuna kitu kimoja kisichofichika. Katika hadithi, Masala Kulangwa anapompasua Shing'weng'we na watu kutoka, kisu kinamkata sikio bibi mmoja kizee, naye badala ya kushukuru anakasirika. Tukio hilo ni la karibu, la mchana, bibi kashika shavu, kamera iko kwenye uso wake. Hakuna kivuli cha kusaidia. Zimwi linaweza kuwa turubai. Hela yote iende kwenye sikio.